Garrett Morgan na taa ya manjano

Garrett Morgan alizaliwa mwaka 1877 kule Kentucky, Marekani, mutoto wa wazazi waliotoka utumwani. Alisoma shule ya msingi tu, akawa fundi wa vyerehani. Mwaka 1914 alipata hati ya kofia ya kuzuia moshi.

Mwaka 1916, huko Cleveland, gesi ililipuka ndani ya tuneli chini ya ziwa. Morgan na ndugu yake wakavaa zile kofia, wakashuka, wakatoa watu. Siye watu wa shimo tunajua ile ni kazi gani. Lakini wanunuzi wengine, kusikia tu ni mutu mweusi, wakaacha kununua.

Mwaka 1923 akapata hati ya nguzo ya njia panda. Ilikuwa na mikono. Juu ya kusimama na kupita, aliongeza alama ya tatu: pande zote zisimame kwanza, njia ibaki wazi, watu wa miguu wavuke.

Leo manjano inafanana kidogo na ile. Shofere, ukiiona, simama kama unaweza kusimama bila hatari. Si ya kukimbiza motokari. Morgan alikufa mwaka 1963, lakini ile nafasi ndogo bado inaokoa watu.