Bibi Ummi Habiba r.a. Katika Ugeni wa Uhabeshi

Ndugu msomaji, yuko mwanamke aliyemfuata mumewe hadi Buzwagi mgodi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2009, kisha ndoa ikavunjika huko huko Kahama, mbali na kwao. Hujiuliza: sasa mimi ni nani, na nirudi kwa nani? Swali hilo lilimfika zamani binti wa mkuu wa Makka, akiwa katika Afrika yetu hii ya Mashariki.

Jina lake lilikuwa Ramla. Baba yake alikuwa Abu Sufyani, kiongozi wa Makureshi na mpinzani mkubwa wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Ramla na mumewe Ubaidullah bin Jahshi waliupokea Uislamu mapema, na yapata mwaka 616 wakahamia Uhabeshi kuyakimbia mateso.

Mapokezi mashuhuri yasema kwamba huko ugenini Ubaidullah aliiacha dini aliyoihamia, akamtaka mkewe amfuate. Bibi akakataa. Wakatengana, na baadaye mume akafa huko huko.

Hebu mfikirie, msomaji mpenzi. Kurudi Makka ni kuingia nyumba ya baba aliyewapiga vita wenziwe. Mume hana tena. Aliyebaki naye ni mtoto wake, Habiba. Na kwa jina la mtoto huyo, si la baba wala la mume, ndivyo dunia ilivyomjua hata leo: Ummi Habiba, yaani mama yake Habiba. Akakaa pamoja na wahamiaji wenzake, akasubiri.

Siku moja alibisha hodi Abraha, mjakazi wa mfalme Najashi, akileta posa ya Mtukufu Mtume s.a.w. kutoka Madina. Bibi akavua bangili na pete zake za fedha akampa. Ridhaa ikawa yake mwenyewe. Walii akamteua Khalid bin Said, jamaa yake aliyekuwa naye uhamishoni. Najashi akasoma hotuba ya nikahi, akatoa mahari dinari 400, akawalisha wote waliohudhuria. Mahari ilipomfikia, Bibi alitaka kumpa Abraha dinari 50 zaidi, lakini mjakazi akazikataa, akarudisha na yale mapambo. Aliomba salamu zake tu zifikishwe kwa Mtume, nazo zilifikishwa.

Bibi alifika Madina mwaka wa 7 Hijria. Humo nyumbani alimkuta Bibi Zainab binti Jahshi, dada wa mume wake wa kwanza, ambaye sasa ni mke mwenza. Naye pia aliwahi kuachika, kwa Zaidi bin Haritha. Haikuwa nyumba ya watu wasiojua machungu ya talaka.

Mwaka uliofuata Abu Sufyani alikuja Madina kuomba mkataba wa Hudaibiya uendelee. Akaingia kwa bintiye, ambaye hakuwa amemwona miaka mingi, akataka kuketi juu ya tandiko la Mtume. Binti akalikunja. Baba akatoka amekasirika.

Bibi Ummi Habiba r.a. alifariki mwaka wa 44 Hijria. Alipohisi mauti yamekaribia, alimwita Bibi Aisha r.a., akamwomba radhi kwa yale yawezayo kupita baina ya wake wenza. Bibi Aisha akamsamehe na kumwombea, naye akafurahi sana. Kisha akatuma mtu kwa Bibi Ummi Salama, akamwomba vivyo hivyo.