Mwenye Heri Anuarite

Kaskazini mashariki ya Kongo, mbali sana na Lubumbashi, uko mji wa Wamba. Karibu na mji huo alikaa mtu jina lake Amisi, na mkewe Isude. Walipata watoto sita, wote wasichana. Amisi alitaka sana mtoto mwanamume. Kwa sababu hiyo alimwacha Isude, akaoa mke mwingine.

Mtoto wao wa nne, Anuarite, alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939. Tangu utoto alijua shida za mama aliyeachwa.

Alipokuwa akisoma shule alitamani kuwa sista. Mama yake alikataa, maana alihitaji msaada nyumbani. Siku moja lori lilikuwa likipeleka wasichana Bafwabaka, kwa Masista wa Jamaa Takatifu. Anuarite akapanda kwa siri katikati yao, akaenda zake. Baadaye mama alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia.

Mwaka 1964 vita vilienea katika nchi. Wapiganaji walioiasi serikali waliitwa Simba. Tarehe 29 Novemba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika lori. Kesho yake waliwafikisha Isiro, mji ambao siku zile uliitwa Paulis.

Huko mkubwa mmoja, Kanali Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Yeye mwenyewe hakutaka. Basi, Mama Mkuu Kasima akakataa kumtoa, ingawa wale watu walikuwa na silaha. Ndipo Kanali Olombe, aliyeombwa kumshurutisha, akamtaka kwa ajili yake mwenyewe. Usiku alimvuta kwa nguvu mpaka kwenye gari, pamoja na Sista Bokuma. Anuarite alikataa kupanda. Olombe akawapiga wote wawili kwa hasira, hata Bokuma akavunjika mkono. Anuarite akamwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analotenda. Olombe akamwua. Ilikuwa baada ya saa sita ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Anuarite alikuwa na miaka 24.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri, mjini Kinshasa. Siku hiyohiyo Papa alimsamehe Olombe kwa jina la Kanisa.

Anuarite alisamehe, lakini hakukubali. Kusamehe ni jambo moja, kukubali ubaya ni jambo jingine. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ya kulazimishwa si ndoa. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 nayo inamwadhibu anayemlazimisha mtu kuolewa au kuoa.

Msichana akitishwa au kupigwa nyumbani ili aolewe, asinyamaze. Amwendee mtu mzima anayemwamini: shangazi, mwalimu, sista au padri. Naye anayekimbiliwa asimrudishe kwenye hatari. Asimame mbele yake, kama Mama Kasima alivyosimama mbele ya Anuarite.

Maswali
1. Kwa nini Amisi alimwacha mkewe? Je, alitenda haki?
2. Mama Kasima alifanya nini Isiro?
3. Rafiki yako akilazimishwa kuolewa, utamsaidia namna gani?