Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeichora ramani ya saratani ya taya

KATI ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa iliyokuwa Wilaya ya North Mara, eneo ambalo leo limegawanyika katika wilaya za Tarime na Rorya mkoani Mara, walikuwa wakipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi, wawe wagonjwa au wazima. Waliolengwa ni wale wenye umri wa chini ya miaka 10. Vidonge hivyo vilikuwa vya malaria, lakini maradhi yaliyokuwa yakiwindwa yalikuwa mengine kabisa. Watafiti walitaka kujua kama kwa kuizuia malaria wangeweza pia kuizuia saratani.

Wazo hilo lingeonekana la ajabu miaka 20 kabla yake. Kwamba lilifika hadi katika vijiji vya Tarime, na kwamba lilionekana kustahili kupoteza nguvu na fedha za watu wazima, chanzo chake ni daktari mmoja wa upasuaji, mwenye jicho moja, ambaye hakuwahi kusomea utafiti wa saratani hata siku moja.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya jimbo ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuwavalisha ndege wadogo pete miguuni na kuchora katika ramani mipaka ya eneo la kila mmoja wao bustanini mwake. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Mwanawe naye alikuja kupata sifa kwa kuchora ramani, ingawa za kwake zilihusu mambo ya huzuni zaidi.

Akiwa na umri wa miaka 11 aliumia katika ajali na kupoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini kabla ya muda mrefu aliacha na kuhamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935 na miaka mitatu baadaye akafuzu upasuaji mjini Edinburgh. Alikuwa Mkristo mwenye imani kali, na alitaka kufanya kazi Afrika, ambako baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji mjini Nairobi. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango: jeshi la Uingereza lilimchukua mwaka 1941, na utumishi huo ukamfikisha Kenya, Somalia na Ceylon. Vita vilipomalizika aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika Wilaya ya Lango. Huko alikutana na wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angewapasua na kuwaruhusu kwenda nyumbani. Burkitt naye aliwapasua, lakini aliwauliza pia wanakotoka, na alipoyapanga majibu yao aligundua kuwa ugonjwa huo ulikuwa umetapakaa mashariki mwa wilaya na kuwa adimu magharibi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1951. Ni utafiti mdogo ambao wachache wanaukumbuka, lakini ndani yake kuna kila kitu alichokuja kukifanya baadaye: swali rahisi, ramani, na subira ya kuuliza watu wengi jambo lile lile.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Ni hapo, mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alipomwita wodini akamtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia, na meno yalikuwa yamelegea. Uvimbe wa upande mmoja ungeweza kuelezeka. Wa pande nne kwa pamoja haukuwa na maelezo. Burkitt alimpiga picha, na hakujua la kufanya.

Wiki chache baadaye, akiwa katika ziara ya kikazi Hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile. Alipompapasa tumboni alikuta uvimbe huko pia. Mtu anaweza kuona kitu cha ajabu mara moja akakisahau. Burkitt alikiona mara mbili, akarudi Mulago na kuanza kufukua majalada ya wagonjwa. Aliwakuta wengine wengi. Wapo waliokuwa wameandikiwa saratani ya taya, wengine ya figo, wengine ya jicho, kila daktari akiandika kile alichokiona katika kiungo chake.

Ikumbukwe kuwa hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huo. Mmisionari Albert Cook aliyeanzisha Hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya mwanzoni mwa karne ya 20. Wala hakuwa peke yake Mulago, kwani wanapatholojia wa hapo ndio waliothibitisha baadaye kwamba uvimbe wote huo ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuyaunganisha. Makala yake ya mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza ilipita bila kelele.

Kwa mzazi, ugonjwa wenyewe haukuhitaji maelezo marefu. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa. Jino hulegea, shavu hujaa, jicho husukumwa nje. Uvimbe wake ni miongoni mwa ile inayokua kwa kasi kuliko yote inayofahamika kwa binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi mwezi uliopita anakuwa maiti kabla ya mavuno.

Swali la Burkitt lilikuwa lile lile la Lira: wanatoka wapi? Alipata msaada wa pauni 25, akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto hao na kuvituma hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu yalipoanza kurudi, alichoma pini katika ramani iliyokuwa ukutani. Pini zilifanya mkanda mpana uliokata katikati ya Afrika, kisha ukateremka na pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Palikuwa na mipaka, na hakuna aliyejua kilichoiweka.

Oktoba 1961, akiwa na umri wa miaka 50, aliondoka Kampala na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walisafiri zaidi ya kilomita 16,000, wakipita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa bara. Kila walipofika hospitali walitoa picha zao na kuuliza kama watoto wa namna hiyo wamewahi kuonekana hapo. Ndiyo au hapana. Kisha safari inaendelea. Ni vigumu kuamini kwamba moja ya tafiti muhimu za saratani katika karne iliyopita ilifanywa kwa njia ambayo karani yeyote mwangalifu angeweza kuimudu.

Jibu walilorudi nalo lilikuwa la mwinuko wa ardhi. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulikoma palipozidi takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Wataalamu wa virusi waliokuwa Entebbe walimsaidia kuelewa kwamba mpaka huo ulikuwa wa joto na mvua, na joto na mvua maana yake ni wadudu. Malaria ikaanza kutajwa.

Mwenyeji wa Mara anaweza kuuona mpaka wa Burkitt bila ramani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo vijiji vya mwambao wa Shirati viko ndani ya mkanda wa ugonjwa. Kutoka hapo ardhi inapanda kuelekea mashariki hadi kwenye vilima vya migomba na kahawa vya Tarime, ambako baadhi ya maeneo huvuka mita 1,500. Hospitali ya Shirati, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimennonite miaka ya 1930, ikawa mahali pazuri pa kuhesabia wagonjwa. Daktari wake Mmarekani, George Brubaker, na wenzake waliandika mwaka 1973 kuhusu wagonjwa wa North Mara wa miaka ya 1964 hadi 1970. Walitafuta dalili kwamba ugonjwa hujikusanya mahali na wakati mmoja kama ugonjwa wa kuambukiza, jambo lililokuwa limeripotiwa West Nile nchini Uganda. Hawakuiona.

Wakati huo virusi vilikwishapatikana. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana Anthony Epstein, ambaye hakusubiri hata chai. Kwa zaidi ya miaka miwili sampuli za uvimbe zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala bila mafanikio. Desemba 1963 ukungu ulilazimisha ndege moja kutua Manchester, na sampuli ilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta chembe hai zinazoelea. Kutokana nazo, mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vinavyoitwa Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Uvumbuzi huo ulileta fumbo jipya. Virusi hivyo wanavyo karibu watu wazima wote duniani, na wengi hawapati madhara makubwa. Kwa nini basi vimuue mtoto wa kando ya Ziwa Victoria na kumwacha wa Dublin? Hapo ndipo malaria iliporejea kama mshirika, na ndipo majaribio ya vidonge North Mara yalipozaliwa, chini ya usimamizi wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la mjini Lyon, Ufaransa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1989, na hayakumridhisha yeyote. Idadi ya watoto wenye limfoma ilishuka sana wakati wa vidonge, ikapanda tena vilipositishwa. Lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa, na katika miaka ile ile malaria yenyewe ilianza kuizoea klorokwini. Watafiti walikuwa waungwana kukiri kuwa uthibitisho haukupatikana. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Burkitt mwenyewe alikuwa amekwishaondoka Uganda mwaka 1966. Kabla ya hapo alifanya jambo jingine ambalo pengine ndilo kubwa kuliko ramani yake. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa. Alijaribu dawa za sindano na vidonge, methotrekseti na saiklofosfamaidi, kwa dozi ndogo kuliko zilizotumika Marekani, huku Peter Clifford akifanya vivyo hivyo Nairobi. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja. Wakati huo wataalamu wengi hawakuamini kuwa saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Uingereza alianza vita vingine, vya chakula. Aliwalinganisha wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa na kwenda choo ndani ya siku moja na nusu hivi, na Waingereza ambao chakula kiliwakaa tumboni siku tatu au zaidi, akahitimisha kuwa uhaba wa nyuzinyuzi ndio unaoleta saratani ya utumbo mpana. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa sana. Huenda hapa alikimbia mbele ya ushahidi: majaribio makubwa ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2000 hayakuonyesha kuwa nyuzinyuzi huzuia kurudi kwa vinyama vya utumbo, ingawa tafiti nyingine pana zimeendelea kuonyesha kuwa wala nafaka zisizokobolewa wana hatari ndogo zaidi. Ugali wa mtama na ulezi, anaoujua kila mtu wa Tarime na Serengeti, ungempendeza.

Alifariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Fumbo la malaria halikuzikwa naye. Kati ya 2010 na 2016 utafiti mkubwa ulioongozwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ulikusanya damu za watoto Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwamo wa mikoa ya Mara na Mwanza. Miongoni mwa yaliyojitokeza katika tafiti za Uganda ni kwamba watoto wenye chembechembe moja ya urithi wa selimundu, ambayo huwakinga na malaria kali, hupata pia limfoma hiyo kwa nadra zaidi. Kwa wazazi wa Tarime na Mugumu, shavu la mtoto linapoanza kujaa, safari ni ya Bunda, Lamadi, Magu, hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambako moja ya dawa anazoanzishwa ni saiklofosfamaidi.