Maradhi ya Imamu Ghazali

Huenda mtu akaugua, akatafutwa kosa mwilini lisionekane, kumbe kosa li moyoni. Hayo yalimpata Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, wala hakuona haya kuyaeleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh.

Alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058). Baba yake alifariki yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo. Alisoma kwao, kisha Naysabur kwa Imamu Al-Juwayni. Mwaka 484 (1091), umri wake haujatimia miaka 35, Waziri Nidham al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Wanafunzi 300 walimsikiliza, na wakubwa wa dola walimheshimu.

Lakini alipoichungua nia yake, aliona kuwa hasomeshi kwa ajili ya Mola wake, bali kwa kutaka jaha na kuenea sifa. Pakazuka vita ndani ya nafsi. Asubuhi huazimia kuyaacha yote asafiri. Jioni tamaa ya dunia humrudi, azma ikavunjika. Karibu miezi sita alikuwa katika hali hiyo, kuanzia Rajabu mwaka 488 (1095). Hata ulimi ukafungika: alijitahidi kusomesha walau siku moja awaridhi wanafunzi wake, neno lisitoke. Huzuni ikamshuka moyoni, chakula kikamkataa. Mchuzi haukupita kooni, wala tonge haikusagika tumboni. Nguvu zikamwisha.

Matabibu wakaitwa. Hawakusema amerogwa, wala hawakutaka kuku mweusi. Walisema kuwa ugonjwa umeanzia moyoni ukaenea mwilini, na dawa haitafaa mpaka moyo upumzike na dhiki yake.

Basi akamlilia Mola wake, na kuyaacha aliyoyang'ang'ania kukawa kwepesi. Aligawa mali, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka Baghdad Mfunguo Pili mwaka ule ule. Alikaa Sham kama miaka miwili, akazuru Baitul Mukaddas, akahiji. Katika miaka ya upweke aliandika Ihya Ulum al-Din, na robo yake nzima ni juu ya yanayomwangamiza mtu: hasira, uhasidi, kupenda mali na jaha. Aliyaandika mtu aliyekwisha kuuguzwa nayo. Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha Naysabur, na mwaka 505 (1111) akafariki kwao Tus.

Ndugu Waislamu, kwetu mtu akikosa usingizi na chakula kwa deni, kwa uhasidi au kwa ugomvi wa mirathi, husemwa ana shetani, akapigiwa ngoma. Na aende kwanza kwa daktari, kwani mwili ni amana. Na madaktari wa leo nao wanakiri kuwa huzuni na hasira za muda mrefu hudhuru tumbo, usingizi na moyo. Kisha ajiulize kwa faragha moyo wake umebeba nini. Ghazali hakuponywa na kafara wala hirizi. Alipona alipokitua kile kilichokuwa kikimla.