Koomenjwe, mzee aliyewavusha Wameru

Mtu nitakayemweleza leo hana kaburi lijulikanalo wala tarehe ya kuzaliwa, lakini wazee wa Kimeru wamelitaja jina lake kizazi baada ya kizazi. Huyo ni Koomenjwe, aliyewatoa watu wake utumwani hadi wakafika Mlima Kenya. Kisa chake chatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tudhanivyo, kwa kuwa alikotoka ni kwetu.

Wameru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa. Mtaalamu Jeffrey Fadiman, aliyeandika historia yao, alikifananisha na Manda, ng'ambo ya Lamu, akakadiria kuwa safari ilikuwa katika karne ya 18. Hapo kisiwani walitawaliwa na Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Ni nani hao? Wengine husema Waarabu, wengine Wareno. Mimi niliyeishi Meru miaka kadhaa nasema tusiwasukumie Wareno kila ovu la pwani. Biashara ya watumwa tuliijua, na neno mshenzi tulimwitia mtu wa bara bila haya, huku miraa yake ya Igembe tukiipokea kwa mikono miwili.

Nguo Nyekundu, yasemekana, waliwatesa watumwa wao kwa mafumbo, na adhabu ya kushindwa ilikuwa kifo. Watengeneze kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wakakikata katika ngozi ya shingo ya ng'ombe, ile inayoning'inia. Watoe tunda shimoni bila kulitoboa. Wakamimina maji, likaelea. Mwisho wakaagizwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hapo Koomenjwe alitambua jambo ambalo wanyonge wengi huchelewa kulitambua, kwamba mwenye nguvu hatafuti jibu, atafuta sababu. Akaomba muda wa kuufua mkuki, na muda huo akautumia kupanga safari.

Walipofika majini walihitaji dalili, na dalili ilitaka tumbo la mtu lipasuliwe. Wakajitokeza watatu kwa hiari yao. Mimi kila nikikisikia kisa hiki husimama hapa. Mzee asiye na askari wala fedha aliaminiwa kiasi hicho, na wale wenye kila kitu hawakuaminiwa hata kwa neno moja.

Kisha Koomenjwe akapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika. Msomaji atamkumbuka Nabii Musa na Firauni, na wako wataalamu waliohisi kuwa mafundisho ya wamisionari yameingia humo. Huenda. Lakini mvuvi yeyote wa Lamu aujuaye Mkanda wa Manda, na jinsi maji yakipwa vyombo visivyopita, hatacheka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri Ntune, wekundu. Wa mchana Njeru, weupe. Tazameni, wekundu ule ule wa mabwana wao wakakubali kuubeba katika jina.

(Jirani zao Waembu wana asili nyingine, ya Mwenendega na mke aliyemkuta penye maji. Hiyo ni habari ya mapenzi, nayo yataka siku yake.)

Masimulizi mengi humhesabu Koomenjwe kuwa Mugwe, cheo kilichobaki Meru baada yake. Mugwe hakuwa mpiganaji. Kazi yake ilikuwa kuwabariki watu. Nguvu zake zilikuwa katika mkono wa kushoto, alioufunika daima, na aliyeuona aliaminiwa kuwa atakufa. Kwetu mkono huo hatuulii chakula wala hatumpi mtu kitu kwao. Kwao ulikuwa mtukufu kuliko wa kulia. Padri wa Kiitalia Bernardo Bernardi alipochapisha kitabu chake juu ya Mugwe mwaka 1959, cheo hicho kilikuwa kinafifia. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka machifu wake, na hao hawakuhitaji kuaminiwa na mtu.