Samuel Slater: Aliyevusha elimu ya viwanda kwa kumbukumbu

KATIKA historia ya viwanda duniani ni wachache walioacha majina yenye sifa mbili zinazopingana kama Samuel Slater. Nchini Marekani anatajwa kuwa baba wa viwanda. Katika mji wa Belper, Uingereza, alikozaliwa, wapo waliomwita msaliti. Chanzo cha sifa hizo mbili ni kimoja: aliuchukua ujuzi wa kusokota pamba kwa mashine kutoka nchi moja na kuupeleka katika nchi nyingine, pasipo kubeba mashine wala mchoro.

Leo mataifa yanashindana kwa maarifa kama yalivyoshindana zamani kwa ardhi na madini. Ndiyo maana maisha ya mtu huyo bado yana la kufundisha kuhusu namna ujuzi unavyohama, na kuhusu mambo yanayoweza kuuzuia usihame.

Slater alizaliwa Juni 9, 1768, katika jimbo la Derbyshire, akiwa mtoto wa mkulima. Akiwa kijana mdogo aliingia katika kiwanda cha Jedediah Strutt huko Milford, na baba yake alipofariki alifungwa rasmi kwa mkataba wa uanagenzi. Strutt hakuwa mwajiri wa kawaida. Aliwahi kuwa mbia wa Richard Arkwright, ambaye mashine yake ya kusokota nyuzi kwa nguvu ya maji, iliyopewa hataza mwaka 1769, ilikuwa imeigeuza pamba kuwa utajiri mkubwa wa Uingereza.

Kwa muda wa miaka isiyopungua sita, Slater alijifunza mengi zaidi ya kuendesha mashine. Alijua namna ya kuyaongoza maji hadi kwenye gurudumu, namna ya kuitambua kasoro kwa kuutazama uzi, namna ya kuwapanga wafanyakazi na namna ya kutunza hesabu za kiwanda. Mambo hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote. Yalirithishwa kwa kuona na kutenda, bwana kwa mwanagenzi.

Serikali ya Uingereza iliitambua vyema thamani ya elimu hiyo. Sheria zilizotungwa katika karne ya 18 zilipiga marufuku kusafirisha nje mashine za pamba na michoro yake, na zikawazuia mafundi stadi kwenda kufanya kazi ughaibuni. Wakati huohuo, majimbo ya Marekani, taifa lililokuwa limejipatia uhuru karibuni, yalikuwa yakitoa zawadi za fedha kwa yeyote ambaye angeweza kutengeneza mashine za namna hiyo.

Mwaka 1789, akiwa na umri wa miaka 21, Slater alipanda meli kuelekea New York, akisafiri kwa sura ya mfanyakazi wa shambani. Maofisa wa forodha waliweza kukagua masanduku ya abiria, lakini hawakuwa na njia ya kukagua kumbukumbu zao.

Huko alipata habari za Moses Brown, mfanyabiashara tajiri wa Rhode Island na muumini wa madhehebu ya Quaker. Brown alikuwa amekwisha kununua mashine zilizoundwa na mafundi wa Marekani kwa kuiga zile za Arkwright. Fedha alikuwa nazo, mashine alikuwa nazo, na mto wenye nguvu za kutosha ulikuwepo katika kijiji cha Pawtucket. Pamoja na hayo yote, mashine hazikusokota uzi wa kufaa. Aliyekosekana ni mtu anayeijua kazi. Slater alimwandikia barua akijitolea kuifanya kazi hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 1790 alifika Pawtucket.

Alipozikagua mashine hizo aliziona hazifai. Aprili 1790 aliingia mkataba na kampuni ya Almy & Brown iliyohusiana na familia ya Brown: wao watoe mtaji, yeye atoe ujuzi na apate nusu ya faida. Ulikuwa mkataba wa nadra kwa zama hizo, kwani kijana asiye na mali alihesabiwa kuwa mbia kwa sababu ya kile alichokijua.

Hata hivyo, si kweli kwamba Slater alilifanya jambo hilo peke yake. Sylvanus Brown, fundi wa mbao, alimsaidia kuunda sehemu za mbao. Oziel Wilkinson, mhunzi wa Pawtucket, pamoja na mwanawe David, walimfulia vyuma. Bila mafundi hao waliokuwapo tayari, kumbukumbu za Slater zingebaki kuwa kumbukumbu tu. Ujuzi mgeni ulipata pa kushika mizizi kwa sababu uliwakuta wenyeji wenye ujuzi wao.

Kikwazo kikubwa kilikuja kwenye mashine ya kuchana pamba. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba pamba ilijikunja na kukwama, naye akakaribia kukata tamaa, hadi ilipogundulika kuwa meno ya waya yaliyokuwa yametengenezwa na Pliny Earle wa Massachusetts hayakuwa na mpindo unaotakiwa. Tofauti ndogo katika mpindo wa waya iliweza kusimamisha kiwanda kizima. Meno yaliporekebishwa, kazi iliendelea.

Desemba 20, 1790, mashine zenye uwezo wa kusokota nyuzi 72 kwa wakati mmoja zilianza kuzunguka kwa nguvu ya maji. Mwaka 1793 Slater na wabia wake walifungua kiwanda kilichojengwa maalumu kwa kazi hiyo.

Mwaka 1791 Slater alimwoa Hannah, binti wa Oziel Wilkinson. Hannah naye aligundua namna ya kutengeneza uzi imara wa kushonea kutokana na pamba, na anatajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Marekani kupewa hataza.

Lakini Slater hakuhamisha mashine pekee. Alihamisha pia utaratibu mzima wa kazi aliouona kwa Strutt, ukiwamo wa kuwatumia watoto. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto wa kati ya miaka 7 na 12. Baadaye aliajiri familia nzima na kuzijengea nyumba karibu na kiwanda, na akaanzisha shule ya Jumapili ambako watoto hao walifundishwa kusoma na kuandika katika siku yao pekee ya mapumziko. Mwaka 1824, wamiliki wa viwanda vya Pawtucket walipopunguza ujira na kuongeza saa za kazi, wanawake wafumaji waligoma, na mgomo huo unahesabiwa kuwa wa kwanza viwandani nchini Marekani.

Kulikuwa na doa jingine. Moses Brown aliwaacha huru watumwa wake mwaka 1773 na akawa mpinzani wa utumwa. Hata hivyo, viwanda alivyosaidia kuvianzisha vilikuja kutegemea pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Siri ya Slater nayo haikukaa. Vijana waliojifunza kwake waliondoka mmoja mmoja na kufungua viwanda vyao, kama yeye alivyoondoka kwa Strutt, na David Wilkinson akawa mjenzi maarufu wa mashine. Taarifa iliyotolewa mwaka 1810 na Waziri wa Fedha, Albert Gallatin, ilionyesha kuwa hadi mwisho wa mwaka 1809 viwanda 87 vya kusokota pamba vilikuwa vimejengwa Marekani. Katika miaka hiyohiyo Francis Cabot Lowell wa Boston alizuru Uingereza, akarudi akiwa na ufahamu wa mashine za kufuma, na mwaka 1814 kiwanda chake cha Waltham kilikuwa kikisokota na kufuma chini ya paa moja.

Matunda ya mabadiliko hayo yalifika hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zikishusha Zanzibar kitambaa cha pamba ambacho wenyeji walikiita merikani, jina lililobaki katika Kiswahili hadi leo. Kitambaa kilifika kwa wingi na kupelekwa bara kwa misafara, kikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Elimu ya kukitengeneza haikuletwa pamoja nacho. Pwani ilipata bidhaa, wala si fundi wala mwanagenzi.

Slater alifariki dunia Aprili 21, 1835, huko Webster, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 66, tajiri mwenye hisa katika viwanda kadhaa. Uingereza ilikuwa imeondoa marufuku ya mafundi kuhama mwaka 1824, na ile ya kusafirisha mashine ilifutwa mwaka 1843. Kufikia wakati huo hapakuwa na siri ya kulinda.

Kiwanda cha mwaka 1793 bado kimesimama Pawtucket, na tangu 2014 mji huo wa viwanda ni sehemu ya hifadhi ya kihistoria ya taifa la Marekani. Wanaokitembelea huziona mashine. Kilichozifanya zizunguke, yaani mwanagenzi aliyefunzwa kwa miaka, mwenye mtaji aliyekubali kugawana faida, na mafundi wenyeji waliokuwa tayari kujifunza, hakiwezi kuwekwa katika kabati la makumbusho. Bila hicho, mashine za kwanza za Moses Brown zilibaki kuwa mbao na vyuma tu.