Stuhlmann: Mtafiti wa wanyama aliyeifungulia chai mlango wa Usambara

Na Mwandishi Wetu, Tanga

WENGI wa wakazi wa Tanga wanaoianza siku kwa chai ya rangi na mandazi hawalijui jina la Dk. Franz Stuhlmann. Hata hivyo, kituo alichokianzisha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako mchai ulioteshwa.

Stuhlmann alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1863, akasomea elimu ya wanyama. Mwaka 1888 alifika Zanzibar kutafiti viumbe wa majini. Miaka miwili baadaye aliandamana na Emin Pasha katika msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu, na mwaka 1891 akaupanda mlima Ruwenzori hadi kimo cha mita 4,000 hivi.

Ndui ilipouvamia msafara huo, Emin alimwamuru aondoke na watu waliokuwa wazima. Stuhlmann alinusurika, Emin aliuawa Kongo mwaka 1892.

Baadaye aliitumikia serikali ya kikoloni Dar es Salaam. Alisafiri India na Java kujifunza kilimo cha nchi za joto, na mwaka 1902 kituo cha Amani kikaanzishwa kwa kufuata mfano wa bustani ya Buitenzorg. Hapo palijaribiwa mkwinini, kahawa, mpira, viungo na chai.

Mchai asili yake ni Asia, na tofauti za chai hutokana na namna majani yanavyotayarishwa. Yakinyaushwa, yakasagwa na kuachwa yapigwe na hewa, hupatikana chai tuliyoizoea, ambayo Wachina huiita nyekundu. Ile wanayoiita nyeusi huvundikwa katika unyevu hadi vijidudu viichachue, kisha mara nyingi hushindiliwa kama matofali. Kwa karne nyingi imekuwa kinywaji cha kila siku hadi Tibet na Mongolia. Usambara ilishika njia ya kwanza, hasa baada ya zao hilo kuanza kulimwa kibiashara nchini mwaka 1926, chini ya Waingereza.

Pamoja na hayo, sifa za Stuhlmann zina upande wa pili. Utafiti wa Amani ulikusudiwa kuwanufaisha walowezi, waliotwaa ardhi ya Wasambaa na kutegemea jasho la Waafrika mashambani. Serikali aliyoitumikia ndiyo iliyolazimisha kilimo cha pamba kusini, jambo lililochangia kuzuka kwa vita ya Maji Maji mwaka 1905.

Stuhlmann alirudi Hamburg, akafariki dunia huko mwaka 1928 akiwa na umri wa miaka 65. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Miti iliyoletwa na watafiti wa Kijerumani ingali imesimama humo, na kando yake yametanda mashamba ya chai, yakichumwa na wajukuu wa wale ambao hawakuulizwa kitu wakati miche ya kwanza ilipopandwa.